Seti za kupambia kapkeki nyumbani: nozeli nne zinatosha, nyingine zinajaza boksi tu

Boksi lililoandikwa "seti kamili ya kupambia keki" mara nyingi huwa na nozeli (vidomo vya kuminyia krimu) ndogondogo ishirini na zaidi, mfuko mmoja wa silikoni, kiunganishi cha plastiki, kibrashi cha kusafishia, na siku hizi nozeli kadhaa za Kirusi zinazotoa ua zima kwa mbinyo mmoja. Anayepamba keki kubwa yenye maandishi na kamba za pembeni atavipatia kazi vingi kati ya hivyo. Anayepamba kapkeki hatavigusa. Uso wa kapkeki ya kawaida una upana wa sentimita 6 hadi 7 hivi, na ule msokoto mnene wenye mistari mikali, unaomfanya mgeni aulize umenunua wapi, hutoka kwenye nozeli kubwa yenye mdomo wa zaidi ya sentimita 1. Kwa nozeli ndogo utazunguka mara tano au sita pale ambapo kubwa ingezunguka mara mbili na nusu, na kila mzunguko wa ziada unaupa mkono nafasi nyingine ya kuyumba.

Hukumu yetu, basi, ni hii: kwa mpambaji wa kapkeki, seti ya namna hiyo ni fedha iliyopotea. Nunua nozeli nne moja moja, mifuko mirefu ya kutumia na kutupa, rangi ya jeli, na vikaratasi visivyopitisha mafuta. Baada ya hapo kinachobaki ni krimu, na kwenye krimu ndiko kazi nyingi zinakoharibikia.

Nozeli zenyewe

Namba zinazotajwa na wapambaji wengi ni za chapa ya Wilton. Chapa ya Ateco ina hesabu yake: midomo ya duara imeanzia 800, nyota wazi 820, nyota zilizofumba 840. Chapa nyingine huazima namba hizo bila kuazima vipimo, kwa hiyo angalia umbo na upana wa mdomo, usiridhike na namba iliyochongwa pembeni.

1M ndiyo ya kwanza kununua, na kama ni moja tu, iwe hiyo. Ni nyota wazi yenye meno sita. Inatoa msokoto mrefu, waridi bapa, na nyota za kujazia uso mzima. Kinachoifanya ipendwe ni kwamba inasamehe: krimu ikilegea kidogo au ikikaza kidogo, mistari bado inasomeka.

2D ni nyota iliyofumba, meno yake yamekunjwa kuelekea ndani. Mifereji yake ni ya kina zaidi, na waridi lake huonekana kama lina petali nyingi nyembamba. Haina huruma, lakini. Punje moja ya sukari isiyochekechwa ikinasa kati ya meno mawili, mstari mmoja unapotea na utaendelea kukosekana kwenye kila kapkeki mpaka uitoe punje hiyo. Weka kijiti cha meno karibu na sahani ya kazi, uichokoe punje kutokea nje bila kuminya mfuko.

1A ni mdomo mpana wa duara usio na meno. Msokoto wake ni laini, mviringo, wa kisasa, na unafaa sana kwa ganashi (chokoleti iliyoyeyushwa na krimu) iliyochapwa. Watu hudhani ni rahisi kwa sababu haina mistari ya kulinganisha. Ukweli ni kinyume chake: kila kiputo cha hewa kinajionyesha juu ya uso wake kama tundu. Iache mpaka uwe umejua kutoa hewa kwenye krimu.

Ya nne ni 352, ya majani. Hii ni ndogo, lakini ndogo yenye sababu: jani moja au mawili pembeni ya waridi huficha mahali mzunguko ulipoishia, na hapo ndipo waridi la nyumbani hujulikana. Minya kwa nguvu mpaka kitako cha jani kitanuke, legeza huku ukivuta, kisha acha kabisa kuminya. Ncha ya jani ikipasuka mara mbili, krimu ni ngumu mno. Toa vijiko vichache pembeni ukavilainishe kwa matone ya maziwa.

104 ya petali na 233 ya nyasi zina raha yake, ila zinaweza kusubiri. Hata 6B, nyota wazi yenye meno mengi kuliko 1M, ni nzuri kwa anayependa mistari mikali, lakini haifanyi jambo ambalo 1M imeshindwa.

Nozeli za Kirusi zinahitaji neno lake. Picha kwenye boksi huonyesha ua lililokamilika, na ua hilo linawezekana, ila kwa krimu iliyo ngumu kuliko ya msokoto wa kawaida. Krimu ya 1M ukiiweka humo, petali zinagandamana na kuwa donge. Inabidi kwanza kupaka tabaka jembamba la krimu juu ya keki ili ua lipate pa kushika, kugusisha mdomo wa nozeli kwenye tabaka hilo, kuminya huku ukiinua taratibu, kuacha kuminya, kisha kuondoa kwa kunyooka juu. Ua la kwanza na la pili karibu kila mara hutoka bovu kwa sababu mashimo ya ndani hayajajaa sawasawa. Yaminyie pembeni, rudisha krimu bakulini. Futa mdomo kwa kitambaa chenye unyevu kila baada ya maua machache. Kwa kazi moja maalumu, sawa. Kwa kuanzia, hapana.

Kuhusu malighafi: chuma cha pua kisicho na mshono wa ndani. Nozeli ya bati lililokunjwa na kuunganishwa huacha alama ya mshono kwenye krimu, na kutu huanzia hapo hapo. Za plastiki meno yake ni butu, mistari inatoka imelala. Kabla ya kununua tazama nyota kwa mbele: meno yawe sawa kwa urefu na katikati pawe pa duara. Jino likipinda nyumbani, linyooshe kwa ncha ya kijiti cha mbao kutokea ndani, usitumie kisu. Zikishaoshwa, zikaushe kwenye oveni inayopoa.

Mfuko, na kwa nini sirinji irudi dukani

Sirinji ya kupambia, ile yenye mpini wa kusukuma, ndicho kifaa kibaya kuliko vyote katika seti hizi. Inabeba krimu kidogo, inaishiwa katikati ya msokoto, na pistoni inaposhtuka krimu hutoka kwa mikupuo. Mkono hauhisi chochote kuhusu ugumu wa krimu, ilhali hisia hiyo ndiyo inayokuambia ukaze au ulegeze.

Mfuko wa silikoni unaoshwa na kutumika tena, na hilo ni jema, ila huwa mdogo, hushika harufu, na ukipata mafuta kwa nje unateleza mkononi. Mfuko wa kitambaa kilichopakwa plastiki kwa ndani ni bora kwa anayepamba mara nyingi, mradi ukauke kabisa kabla ya kukunjwa, maana ukikunjwa na unyevu huota ukungu. Kwa wengi, mfuko wa plastiki nene wa kutupa, wenye urefu wa sentimita 40 au zaidi, ndio jibu. Ile mifupi ya sentimita 30 hujaa haraka, na mfuko uliojaa mpaka juu hutapika krimu nyuma ya mkono. Mifuko myembamba sana hupasuka kwenye mshono pale unapominya krimu ngumu. Ukiwa nayo, vaa miwili, mmoja ndani ya mwingine.

Kukata ncha kuna kosa lake maalumu. Tumbukiza nozeli kwanza, weka alama pale theluthi moja ya urefu wake inapofika, irudishe nyuma, ndipo ukate. Anza na tundu dogo, kwa sababu tundu likizidi nozeli itachomoka na krimu yote katikati ya kazi. Meno ya nozeli yote yawe nje ya plastiki, la sivyo ukingo wa mfuko utachora mstari wake kwenye kila petali. 1M na 2D hazihitaji kiunganishi, na kiunganishi kidogo kinachokuja kwenye seti hakiziingii hata hivyo.

Jaza nusu tu. Simamisha mfuko ndani ya bilauri ndefu, kunja mdomo wake nje ya bilauri, tia krimu, kunjua, sukuma krimu ishuke chini kwa ukingo wa mkono, kisha sokota mfuko juu ya krimu mpaka ukaze. Msokoto huo uushike kati ya kidole gumba na cha shahada. Minyia kidogo kwenye sahani kwanza hadi usikie hewa iliyonaswa ikitoka.

Krimu: mahali pa kutumia muda

Krimu ya siagi ya Kimarekani ndiyo rahisi. Kwa kapkeki 12 zenye misokoto mirefu: siagi gramu 250, sukari ya aisingi gramu 500, maziwa vijiko viwili vya chakula, vanila kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo sana. Hiyo ni takriban gramu 65 kwa kila kapkeki. Waridi bapa linakula karibu nusu yake, kwa hiyo kipimo hicho hicho kitatosha kapkeki 24.

Siagi iwe nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi. Bila kipimajoto, ibonyeze: kidole kiache shimo, na shimo lisiwe na mng'ao wa mafuta. Ichape peke yake kwa dakika tano nzima, mpaka rangi yake ya njano ififie. Wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa krimu waliyotaka iwe nyeupe imebaki na unjano. Chekecha sukari, itie kwa mafungu matatu kwa mwendo wa chini, kisha maziwa kijiko kimoja cha chai kwa wakati. Sukari ya kusaga nyumbani haifai hapa, hata ikisagwa sana: aisingi ya pakiti ni laini kuliko inavyoweza kutoka kwenye blenda, na huwa na wanga kidogo unaoizuia isigande madonge. Ya nyumbani huacha mchanga ulimini.

Sasa hewa. Ukimaliza kuchapa kwa nguvu, krimu imejaa viputo. Badilisha kipigio cha waya uweke kile bapa, au tumia mwiko wa silikoni, na uzungushe kwa mwendo wa chini kabisa kwa dakika mbili au tatu, ukiigandamiza krimu kwenye ukuta wa bakuli. Tofauti kati ya kapkeki ya nyumbani na ya dukani, kwa jicho letu, iko zaidi kwenye dakika hizi kuliko kwenye bei ya nozeli.

Kipimo cha ugumu: chovya kijiko, kinyanyue, tazama ncha. Kwa msokoto, ncha isimame na kuinama kidogo mwishoni. Ikisimama wima kama mwiba ni ngumu, meno ya nyota yatatoka yamechanika kwenye kingo. Ongeza maziwa nusu kijiko cha chai. Ikilala, usikimbilie sukari. Jiulize kwanza kama tatizo ni maji au ni joto. Krimu yenye joto hung'aa na kuteleza kwenye bakuli: iweke kwenye friji dakika 10 hadi 15, ichape tena kidogo, itarudi. Ukiiongezea sukari itakuwa tamu mno, na ikipoa itakuwa jiwe. Sukari iongezwe tu pale ambapo krimu ni baridi na bado inalegea, yaani maziwa yalizidi.

Majarini laini ya kopo haifai kwa msokoto mrefu, kwani ina maji mengi na huanza kulegea mapema. Ukiitumia, iwe ile ya mche iliyo ngumu, yenye mafuta asilimia 80. Chumba kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 27, badilisha nusu ya siagi kwa mafuta magumu meupe ya kupikia, gramu 125 kwa 125. Umbo litakaa. Ladha itashuka, na kuna utando mwembamba utabaki kwenye kaakaa. Hilo ni gharama ya kuchagua, si kasoro ya mapishi.

Wasiopenda utamu mkali watumie krimu ya siagi ya Kiswisi. Uwiano wake unakaa kichwani: moja, mbili, tatu. Ute wa mayai gramu 120, sukari ya kawaida 240, siagi 360. Ute na sukari huwekwa kwenye bakuli juu ya maji yanayofuka mvuke, bila bakuli kugusa maji, ukikoroga mfululizo hadi nyuzi 71; ukisugua tone kati ya vidole usihisi punje. Chapa mpaka povu lisimame na bakuli lisiwe na joto hata kidogo kwa nje, ndipo utie siagi kipande kwa kipande. Kuna wakati mchanganyiko utakatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda. Usiumwage. Mara nyingi siagi ilikuwa baridi tu: endelea kuchapa, au pasha vijiko vitatu vya krimu hiyo viyeyuke, urudishe, uchape. Ikiwa imekuwa supu, bakuli lilikuwa na joto: friji dakika 15, chapa tena. Krimu hii ina mng'ao wa hariri na mistari yake ni mizuri kuliko ya Kimarekani, ila haiotei ngozi kwa juu, kwa hiyo kidole cha mtoto kitaacha alama mpaka mwisho.

Krimu ya kuchapwa ya maziwa, yenye mafuta asilimia 35 au zaidi, ni tamu kuliwa na mbaya kusubiri. Ipambe karibu na muda wa kula. Ile ya mimea inashikilia umbo muda mrefu zaidi, lakini ukiichapa kupita kiasi inakuwa na vitundu kama sifongo na hakuna namna ya kuvirudisha vizuri, isipokuwa kuongeza kidogo ambayo haijachapwa na kuikunja kwa mwiko. Krimu ya jibini laini, sahau msokoto mrefu. Ipake kwa mwiko au toa waridi bapa, na usiiache nje ya friji zaidi ya saa mbili.

Rangi

Rangi ya maji ndiyo inayokuja kwenye seti za bei ndogo. Kupata wekundu nayo utatia mpaka krimu ilegee. Nunua jeli, chota kwa ncha ya kijiti, na ukichota tena tumia kijiti kipya ili mafuta yasiingie kwenye chupa.

Rangi hukolea ikikaa. Nyekundu, nyeusi na bluu nzito zitengenezwe jana yake, nusu toni chini ya unayotaka. Nyeusi isianzie kwenye krimu nyeupe: tia kakao iliyochekechwa mpaka iwe hudhurungi, kisha jeli nyeusi, utatumia rangi kidogo na midomo ya wageni haitageuka. Ukihitaji rangi nzito leo hii, toa vijiko vichache vya krimu iliyotiwa rangi, viyeyushe kidogo, rudisha na uchanganye. Siagi inapolainika rangi husambaa vizuri zaidi. Bluu juu ya siagi ya njano huelekea kijani. Chembe ndogo sana ya zambarau huirudisha. Zambarau na waridi hupauka zikikaa kwenye mwanga, kwa hiyo kapkeki zisipangwe dirishani kwa ajili ya picha halafu zikasahauliwa.

Rangi mbili kwenye msokoto mmoja: tandaza nailoni ya kufungia chakula, weka mistari miwili ya krimu sambamba, viringisha iwe kama soseji, kata ncha moja na uitumbukize ncha hiyo mbele ndani ya mfuko wenye nozeli. Krimu zote mbili ziwe na ugumu sawa, la sivyo laini itatoka peke yake na ngumu itabaki nyuma. Ukitaka mistari myembamba tu, chora mistari ya jeli ndani ya mfuko mtupu kwa brashi kabla ya kutia krimu.

Mkono

Mfuko usimame wima juu ya kapkeki, nozeli ikiwa sentimita 1 hivi kutoka kwenye uso. Krimu iangukie keki, isisuguliwe juu yake. Nozeli ikigusa keki, mistari inafutika na makombo yanapanda.

Msokoto mrefu huanzia ukingoni. Minya, subiri krimu iguse keki, zunguka ukiacha milimita 2 au 3 kutoka kwenye karatasi, ingia ndani kwa mzunguko wa pili unaopanda nusu juu ya wa kwanza, malizia na wa tatu mdogo katikati. Kisha acha kuminya, bonyeza chini kidogo sana, na uinue moja kwa moja. Mpangilio huo ndio wenye siri. Anayeinua huku bado anaminya hupata mkia mrefu uliopinda. Anayeacha kuminya mapema hupata kilele butu. Mbinyo uwe sawa kutoka mwanzo: ukibadilisha nguvu, mzunguko mmoja utakuwa mnene na unaofuata mwembamba. Mkono unaotumia huminya tu, mwingine uongoze nozeli.

Waridi ni kinyume: anzia katikati, zunguka kwenda nje mara moja au mara moja na nusu, legeza mbinyo hatua kwa hatua unapokaribia mwisho, ukiuburuza mkia ulale ubavuni mwa ua. Mkia wa kila waridi uelekee upande mmoja. Zikiwa zimepangwa kwenye sahani, jicho huona mpangilio kabla ya kuona kasoro.

Fanyia mazoezi kwenye karatasi ya kuokea yenye duara za sentimita 6.5 zilizochorwa upande wa chini. Krimu inakwanguliwa na kurudi kwenye mfuko, kwa hiyo mazoezi hayagharimu kitu. Joto la kiganja, hata hivyo, linagharimu: baada ya kapkeki sita au nane krimu iliyo karibu na mkono huanza kulainika, na misokoto ya mwisho hutoka imelala. Gawa krimu kwenye mifuko miwili, mmoja ukikaa mahali pa baridi.

Keki chini ya krimu

Msokoto mzuri juu ya kilima hauwezekani. Keki iliyofura sana hutelezesha krimu pembeni, na ile iliyozama huacha pengo. Jaza kikaratasi theluthi mbili, karibu gramu 45 za rojo kwa kapkeki ya kawaida, ukitumia mizani badala ya macho, na uoke kwa nyuzi 170 hadi 175 kwa dakika 18 hadi 20. Oveni kali ndiyo inayotoa vilele vilivyopasuka. Unachotaka ni uso ulio karibu kuwa bapa, chini kidogo ya ukingo wa karatasi. Zilizofura zikate juu kwa kisu cha meno.

Poza saa nzima angalau. Keki inaweza kuwa baridi kwa nje na bado na joto katikati, na siagi huyeyukia chini ambako huoni: dalili yake ni pete inayong'aa kwenye kitako cha msokoto, halafu msokoto wote unaanza kusafiri.

Vikaratasi vyembamba vya rangi hunywa mafuta na kuwa kama karatasi ya chapati, rangi yote ikapotea. Vile vinavyozuia mafuta, au vyenye foili, hubaki na rangi yake. Njia nafuu ni kuokea kwenye cheupe cha kawaida na kuvalisha kikaratasi kizuri baada ya keki kupoa. Karatasi zikibanduka zenyewe, si mara zote kosa ni lao. Kapkeki zilizoachwa kwenye trei ya moto kwa zaidi ya dakika tano, au zilizofungiwa kwenye boksi zikiwa na joto, hubanduliwa na mvuke wake.

Ukitia jemu au karameli ndani, toboa shimo lisilozidi kina cha sentimita 2 hadi 3, jaza kwa kijiko cha chai, na urudishe kipande cha juu kama kizibo. Bila kizibo, msokoto huzama katikati baada ya muda.

Vya kumalizia

Chengachenga za sukari zinyunyizwe ndani ya dakika chache kwenye krimu ya Kimarekani, kabla haijaota ngozi. Baada ya hapo zitadunda na kuanguka. Kwenye krimu ya kuchapwa ziwekwe mwisho kabisa, kwani unyevu huzitoa rangi. Matunda yakaushwe kwa taulo ya karatasi. Vipambo vya kusimama vya fondanti (donge laini la sukari linalofinyangwa) vitengenezwe siku moja au mbili kabla, fondanti ikikandwa na unga wa CMC kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250 ili ikauke ngumu, na visiwekwe kwenye friji, maana vikitoka vitatoa jasho na kuinama. Unga wa kung'arisha dhahabu na fedha usomwe lebo yake vizuri: "hauna sumu" si sawa na "unaliwa". Ulioandikwa kuwa ni wa mapambo tu hauna nafasi juu ya kitu kitakacholiwa, hata ukiuzwa rafu moja na aisingi.

Boksi la kubebea liwe na kitako chenye matundu na urefu wa sentimita 9 au 10 kwa ndani. Mengi hutengenezwa kwa waridi bapa na hukata vilele vya msokoto pale unapofunga kifuniko. Kapkeki zilizopambwa kwa siagi zikiwekwa kwenye friji nusu saa kabla ya safari, krimu hukaza na kuvumilia mitikisiko. Zikifika, zitolewe saa moja kabla ya kula, kifuniko kikiwa bado kimefungwa, ili jasho litokee kwenye boksi na si kwenye krimu.